Mzazi, usimvike mwanao silaha za Sauli



Matokeo ya Kidato cha Nne yameshatoka. Vigelegele vimetulia, na machozi nayo yamekauka. Katika nyumba nyingi za waamini umebaki mjadala mmoja, nao unawakosesha watu usingizi: mtoto asome tahasusi gani Kidato cha Tano?

Kijana alijaza Selform akiwa bado shuleni, hajui mtihani utampa nini. Sasa alama zake anazo, na hupewa muda mfupi wa kubadili machaguo yake kwenye mtandao kabla ya kupangiwa shule. Mara nyingi masomo mawili ya kwanza hayana ugomvi, ila la tatu. Historia na Jiografia, sawa; lakini la tatu liwe Kiswahili, Kiingereza au Uchumi? Fizikia na Kemia, sawa; lakini la tatu liwe Hisabati au Baiolojia? Tofauti ya HGK na HGE, au ya PCM na PCB, ni herufi moja tu. Herufi hiyo hufungua mlango mmoja wa chuo kikuu na kufunga mwingine.

Zamani kidogo uchaguzi ulikuwa mwembamba. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni jambo jema, lakini mtu aliyezoea njia mbili akifikishwa kwenye njia panda yenye vichochoro vingi huhitaji utulivu zaidi, si kelele zaidi.

Unaweza kuuliza, padre anatafuta nini kwenye tahasusi? Jibu ni kwamba matunda ya uamuzi huu huishia ofisini kwa paroko. Huja baba na mama wasiosemezana kwa sababu ya mtoto. Huja kijana wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye hali, halali, wala hataki tena kuja Misa, kwa kuwa anasoma kitu asichokiweza na anaogopa kusema nyumbani. Mambo ya namna hii si ya Wizara ya Elimu peke yake. Ni mambo ya roho.

Silaha zilizotolewa kwa nia njema

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Tunaijua habari ya Daudi na Goliathi tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, lakini kuna aya mbili ambazo tunazirukia ili tufike haraka kwenye jiwe na kombeo. Ni aya ya 38 na ya 39. Mfalme Sauli anamvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita: chepeo cha shaba kichwani, vazi la chuma mwilini, na upanga. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa. Anamwambia mfalme kwamba hawezi kwenda navyo kwa kuwa hajavizoea. Anavivua.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Sauli hakuwa na nia mbaya siku ile. Alimpa kijana silaha bora kuliko zote zilizokuwepo kambini, silaha za mfalme. Zilikuwa za thamani na zilikuwa zimemlinda yeye mwenyewe vitani. Kasoro yake ilikuwa moja tu: zilishonwa kwa kipimo cha Sauli.

Wazazi wengi wanaowalazimisha watoto kusoma somo fulani hawana ubaya. Wanatoa silaha bora wanazozijua. Baba aliyeona daktari akiheshimiwa wilayani kwake anataka mtoto aheshimiwe hivyo. Mama aliyekosa ada akaishia darasa la saba anataka binti awe mhandisi kwa niaba ya wote wawili. Nia ni upendo. Lakini upendo nao unaweza kumvisha mtoto chepeo kinachomziba macho.

Mwaka mmoja alinijia baba wa jumuiya mojawapo, fundi magari, pamoja na binti yake. Wameniruhusu kueleza, mradi nisiwataje. Binti alikuwa amepata A ya Baiolojia, A ya Jiografia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Kemia na Baiolojia wote wawili walikubaliana. Kwenye somo la tatu baba alitaka Fizikia, ili iwe PCB, mtoto awe daktari. Binti alitaka Jiografia, ili iwe CBG, asome mambo ya ardhi na mazao.

“Padre, ongea na mwanao,” baba aliniambia. “Anatupa bahati.”

Nilimwuliza kwa nini udaktari. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba mke wake alifariki akijifungua mtoto wa tatu, usiku, wakiwa bado wanatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali ya wilaya. Tangu usiku ule aliapa kwamba nyumba yake itatoa daktari. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiweka akiba kwa ajili hiyo. Binti alikuwa hajawahi kuusikia ule mpango mzima. Alijua tu kwamba baba anataka udaktari, na alidhani ni sifa.

Binti alilia. Kisha akasema taratibu, “Baba, hata nikiwa daktari, mama harudi.”

Ofisi nzima ilinyamaza. Nami sikuongeza neno, maana palikuwa hapahitaji neno la padre.

Sikuwachagulia. Si kazi ya padre kuchagua tahasusi, na kama kuna padre anayekuchagulia, mshukuru kisha nenda ukafikirie mwenyewe. Niliwapa kazi tatu za wiki moja. Waende kwa mwalimu aliyemfundisha Fizikia wamwulize ukweli kuhusu uwezo wa binti. Wasome mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, waone kila mlango unadai nini. Na kila jioni wasali pamoja fumbo moja la Rozari, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu msiba.

Waliporudi, binti alikuwa amejua bila kudanganywa kwamba akiacha Fizikia, mlango wa udaktari wa binadamu unafungwa, kwa kuwa vyuo vyetu hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Alichagua CBG akijua anachoacha. Baba alikubali, lakini sitakudanganya kwamba alifurahi. Ilimchukua miezi kuacha kuitaja PCB mezani. Alichoniambia baadaye ni kwamba wiki ile ya Rozari ndiyo aliyoanza kumlilia mke wake sawasawa.

Daudi hakukimbia vita

Sasa kijana unayesoma makala hii usikimbilie kumwonyesha baba kichwa cha habari na kusema, “Unaona? Hata padre amesema.” Soma kwanza hadi mwisho.

Daudi alivua silaha za Sauli, lakini hakukimbia vita. Alimwendea Goliathi yuleyule. Tena hakuchukua kombeo kwa sababu ni jepesi. Alilichukua kwa sababu alikuwa amelizoea, akichunga kondoo za baba yake Yese, na alikuwa na ushahidi: alimweleza Sauli habari za simba na dubu aliowahi kuwaua. Mikono yake ilikwisha kufanya kazi kabla ya siku ya uwanja wa vita.

Wapo vijana wanaosema Hisabati si wito wao, na ukichunguza unakuta hawajawahi kukaa na Hisabati saa moja kwa utulivu. Wameikimbia tangu Kidato cha Pili, wakaiogopa kwa sababu kaka aliiogopa. Nimemjua kijana aliyependa biashara na uchumi kwa moyo wote, lakini akachagua tahasusi ambayo aliona inamwepusha na namba kabisa. Alipofika wakati wa kuomba chuo, akakuta kozi nyingi za uchumi na fedha zinauliza kitu kimoja: una hisabati kiasi gani? Hata wanaosoma Uchumi bila Hisabati ya Juu hupewa lile somo la nyongeza ambalo vijana hulitaja kwa kifupi, BAM. Namba alizozikimbia zilikuwa zimemtangulia mlangoni.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si “Somo gani ni rahisi?” wala “Somo gani lina heshima?” Jiulize: simba na dubu wangu wako wapi? Ni somo gani ambalo nimeshaling’ang’ania hadi usiku bila kusukumwa? Ni lipi wenzangu huja kuniuliza? Ni lipi nikishindwa swali lake sipati raha mpaka nijue jibu? Hapo pana dalili ya kipaji. Kipaji ni talanta ya Mathayo 25, na mwenye mali atakuja kuuliza habari zake.

Keti kwanza uhesabu gharama

Katika Luka 14, kuanzia aya ya 28, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anatutaka tumwone akiketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi kisha akachekwa. Bwana alikuwa akisema juu ya gharama ya kumfuata, lakini mfano wake aliuchukua kwenye hekima ya kawaida ya watu. Basi na tuketi.

Alama za Kidato cha Sita huhesabiwa hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Ili kuingia chuo kikuu kwa njia ya moja kwa moja, kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Baada ya hapo kila kozi huongeza masharti yake.

Fanya hesabu. Mtoto aliyebebeshwa PCB akatoka na E tatu, katika masomo mawili ana pointi 2. Hajafika mlangoni, achilia mbali udaktari. Mwenzake aliyesoma HGK akatoka na B mbili ana pointi 8, na anaweza kuanza kuchagua. Jina la tahasusi halisomi mtihani. Mtoto ndiye anayeusoma.

Lakini hesabu upande wa pili pia. Kijana mwenye uwezo wa kweli katika sayansi akihamia kwingine kwa uvivu tu, nchi inapoteza mwalimu wa Fizikia, na sote tunajua shule za kata zinavyowatafuta walimu hao. Kujinyima jambo gumu unaloliweza ni kuifukia talanta ardhini.

Hesabu pia mfuko. Mkopo wa elimu ya juu ni msaada mkubwa kwa wahitaji, lakini si kila mwombaji hupata, wala anayepata hapati lazima kiasi kinachomtosha. Kozi ya miaka mitano si sawa na ya miaka mitatu kwa mjane anayeuza samaki. Kulisema hilo mbele ya mtoto si kumkatisha tamaa. Kijana wa Kidato cha Nne anaweza kubeba ukweli wa nyumba yake, kama baba wa binti yule alivyogundua.

Na tuache ile dhambi ndogo ya vijiweni, ya kuwaita wanaosoma masomo ya sanaa vilaza. Mtakatifu Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anaeleza mwili wenye viungo vingi, na jicho halina ruhusa ya kuudharau mkono. Anayeandika mkataba wako wa kiwanja, anayemfundisha mjukuu wako kusoma na anayesikiliza kesi yako mahakamani wengi wao walipitia masomo hayo.

Mama wa wana wa Zebedayo

Kwa wazazi nina ukurasa mmoja zaidi wa Injili. Katika Mathayo 20, kuanzia aya ya 20, mama wa Yakobo na Yohane anamwendea Yesu kuwaombea wanawe viti viwili, mmoja kulia na mmoja kushoto kwake katika ufalme. Mama huyu tunamfahamu. Yumo katika kila parokia.

Angalia Yesu anavyofanya. Hamkemei mama. Lakini jibu lake linawaelekea wana wenyewe: je, mnaweza kukinywea kikombe nitakachokinywea mimi? Mama aliomba kiti, Yesu akauliza juu ya kikombe, na aliwauliza watakaokinywa.

Mzazi, wewe unaona kiti: koti jeupe, ofisi yenye kiyoyozi, jina kwenye mlango. Mtoto ndiye atakayekinywa kikombe: miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, maabara, usiku wa kukesha, halafu miaka ya chuo. Basi mwulize yeye. Mwulize, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Wazazi wengi huuliza vizuri, ila hujijibu wenyewe.

Nawe mtoto, heshima kwa wazazi haijafutwa. Ni amri ya nne ya Mungu. Kama huwezi kuzungumza na baba uso kwa uso, tumia njia ambayo Waswahili wameitumia siku zote: mtume shangazi, mjomba, babu au msimamizi wako wa Kipaimara. Usibadili machaguo kwa siri usiku kwenye simu. Uamuzi mzuri uliofanywa kwa siri huanza safari na jiwe kiatuni.

Njia ya Mtakatifu Inyasi

Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani alianza kutofautisha ndoto zake. Ndoto za sifa za vita zilimfurahisha wakati akiziota, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kumtumikia Mungu yalimfurahisha, na furaha ikabaki hata yalipopita. Kutokana na mang’amuzi hayo kilizaliwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikiidhinisha mwaka 1548. Humo anatoa njia za kuchagua jambo zito. Nakupa mbili, uzijaribu wiki hii.

Ya kwanza: mfikirie mtu usiyemjua kabisa, mwenye alama zako, uwezo wako na hali ya nyumba yako. Amekuja kukuomba ushauri, nawe unamtakia mema tu. Utamwambia achague nini? Sasa lifuate shauri hilo wewe mwenyewe. Utashangaa jinsi tunavyowashauri wageni kwa busara kuliko tunavyojishauri.

Ya pili: jifikirie siku ya kufa kwako. Ungependa uwe umechagua nini leo? Pale kitandani hakuna atakayejali majirani walisema nini siku ya matokeo.

Inyasi anaongeza onyo: usibadili uamuzi mzuri wakati roho imo katika ukavu na giza. Basi usichague usiku wa matokeo, wala asubuhi baada ya kugombana. Tulia kwanza, sali, kisha uchague.

Na ukikosea?

Muda ukipita na ukagundua umeshika njia isiyo yako, Mungu hajaishiwa njia. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alianza chuo mwaka 1911 akisomea uhandisi. Vita Kuu ikamtoa darasani. Aliporudi aliacha uhandisi, akasoma hisabati na fizikia, akaingia seminari, akapata upadrisho mwaka 1923. Mwaka 1927 padre huyo aliandika juu ya ulimwengu unaopanuka, na mawazo yake ndiyo msingi wa nadharia ya mlipuko mkuu ambayo wanasayansi huifundisha hadi leo. Hakuna aliyesema miaka yake ya uhandisi ilipotea bure.

Kwetu pia njia zipo. Kijana anaweza kupitia chuo cha kati, akachukua stashahada, na akiwa na wastani wa angalau 3.0 akaomba shahada. Wapo wauguzi na mafundi sanifu waliofika chuo kikuu kwa njia hiyo wakiwa wamekomaa, tena wakijua kwa nini wako pale. Tahasusi ni uamuzi mzito, lakini si hukumu ya mwisho. Hukumu ya mwisho ni ya Mungu, na Injili ya Mathayo 25 inatuambia kwamba siku ile tutaulizwa juu ya wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Fizikia inaweza kukusaidia kuwahudumia. Kiswahili pia kinaweza.

Basi leo, baada ya Misa na chakula cha mchana, zimeni televisheni. Wekeni mezani karatasi ya matokeo. Mtoto aseme kwanza, mzazi afuate, kisha salini pamoja Baba Yetu mkikaa kidogo pale tunapoomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Kama kuna jambo la zamani ambalo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba hiyo, kama lile la fundi magari, huenda likajitokeza. Lipokeeni. Tahasusi inaweza kusubiri hadi kesho.

Mungu awabariki vijana wetu wote wanaochagua, na awape wazazi moyo wa kuwaacha waende na kombeo walilolizoea. Nawatakia Dominika njema.